Dominika na Swali la Mara Moja

Katika miaka ile ya ruksa, wakati magari ya wanunuzi binafsi yalipoanza kupanda mlima wa Newala kutafuta korosho, ofisi ya tawi la Ushirika ilikuwa na chumba kidogo upande wa magharibi chenye dirisha moja, meza moja, viti viwili na redio ya upepo. Waya wa antena ulitokea dirishani, ukavutwa hadi kwenye mlingoti wa mwanzi uliosimamishwa juu ya paa la ghala. Betri ilikuwa ya lori. Kila asubuhi saa tatu na kila alasiri saa kumi, sauti kutoka Masasi, Nanganga na Chiwata zilikusanyika ndani ya chumba hicho kana kwamba wenyewe wameketi mkekani.

Aliyezipokea sauti hizo alikuwa Dominika, mzaliwa wa kijiji cha Chilangala, ambaye watu wengi walimwita Mama Nikolao kwa jina la mwanawe wa kwanza. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nane, akajifunza kushona, kuimba sauti ya pili na kuandika mwandiko wa kulala ambao hata mapadri waliusifu. Redio aliijua katika zahanati ya masista, alikokaa miaka kumi na mmoja akiomba dawa na kupeleka habari za wagonjwa. Ushirika uliponunua redio yake, ukamwomba aje, naye akaja na kalamu yake mwenyewe.

Kazi ile ilikuwa na sheria moja kubwa. Ujumbe wowote unaohusu mazao ulitakiwa kuandikwa katika kitabu cha ujumbe, na chini yake mpokeaji aandike maneno mawili, "Mtoaji amethibitishwa," kisha atie sahihi. Mzee Bwanali, mtunza ghala, hakufungua mlango hata kwa mkuu wa tawi mpaka aone ukurasa huo. Miwani yake ilikuwa na kioo kimoja tu, lakini sahihi ya Dominika aliijua kama anavyoijua njia ya kisimani.

Tatizo lilikuwa katika lile neno "amethibitishwa". Makao makuu kule Masasi yaliona ni jambo jepesi. Yalitoa waraka kwamba kila ujumbe wa mazao utanguliwe na neno la siri, nalo lilikuwa "mnazi mkavu". Akilitaja mtu, basi ni wetu. Dominika aliusoma waraka ule mara mbili, akaukunja, akauweka chini ya betri ili isiyumbe.

Hakuwa mkaidi kwa kupenda ukaidi. Alikuwa amekumbuka jambo alilolishuhudia akiwa binti kule Chilangala. Siku za unyago, nyimbo za ndani zilisikika mpaka nje ya ua, na kila mpita njia aliweza kuzikariri. Akitokea mwanamke mgeni akadai naye aliwahi kuchezwa unyago, bibi yake Dominika hakumwambia aimbe. Alimwuliza kitu kidogo ambacho hakikupata kuimbwa: nani alikushika mkono siku ya kutoka, mlikalia nini, nani alilia kwanza. Aliyekuwamo alijibu bila kufikiri, na aliyesimama nje ya ua alibaki na wimbo wake mzuri mdomoni.

Redio ya upepo, alisema Dominika, haina hata ua. Mtu yeyote mwenye redio garini anaweza kuufikia mkondo wetu na kusikiliza akiwa anakula mhogo. Neno tunalolitaja kila asubuhi si siri tena tangu asubuhi ya kwanza.

Kwa hiyo yeye na Alfani, mpokeaji wa Masasi, walijitungia utaratibu wao. Alfani alikuwa mtu wa Nanganga, na koo zao zilikuwa na utani wa kuzikana tangu enzi za mababu. Kila baada ya miezi mitatu alipanda Makondeni kuleta betri na karatasi, akala nyumbani kwa Dominika, wakatukanana kwa raha zao. Mambo yaliyotokea siku hizo, madogo yasiyo na maana kwa mtu mwingine, ndiyo yaliyokuwa ghala lao la maswali. Kila swali liliulizwa mara moja tu. Likishajibiwa hewani, Dominika alilipiga mstari katika daftari lake, kwa kuwa limekwisha kusikika.

Utaratibu ule uliwahi kumwaibisha, wala hakulificha hilo. Mwaka wa tisini na tatu, mwezi wa Julai, Alfani aliita akiwa na homa kali. Alisema lori la salfa, ile dawa ya unga ya kupuliza mikorosho, lingepita Newala kesho yake tu, wakulima wa Chilangala waje kuichukua. Dominika akamwuliza ni kitu gani alikisahau mlangoni kwake. Alfani, kichwa kikimzunguka, akasema kofia. Ulikuwa mwavuli. Dominika akakataa kuuthibitisha ujumbe, na lori likapita. Chilangala walingoja siku tisa zaidi, na ukungu mweupe ukashika maua ya mikorosho, shamba la kaka yake mwenyewe likiwa la kwanza. Miezi mitatu kaka yake alimsalimu kwa kichwa tu.

Tangu hapo aliongeza jambo moja. Mtu akikosa swali la kwanza, apewe la pili. Akikosa na hilo, asifukuzwe wala asiaminiwe. Angojwe saa ya kawaida, aitwe yeye, badala ya yeye kuita.

Agosti ya mwaka wa tisini na nne, Meneja Mkuu wa Ushirika, Mzee Dastani, alitembelea Newala. Mtu mnene, mpole, mwenye suti ya kijivu. Alipoingia chumba cha redio aliketi kwenye kile kiti cha pili, ambacho kilikuwa na msumari uliochomoza, na alipoinuka suruali ilichanika kutoka kiunoni hadi karibu na goti. Nje, wakulima mia mbili walikuwa wanamngoja ahutubie. Dominika alifunga mlango, akamvulia khanga yake ya juu, na Mzee Dastani akasimama nyuma ya mlango amejitanda khanga ya kike huku mama yule akishona bila kuinua macho. Alipomaliza, mzee alimwomba asimsimulie mtu. Dominika akaahidi, na hata Alfani hakumwambia, ingawa utani ulimwasha ulimi.

Novemba ikafika, na korosho za Chilangala zikajaza ghala la Newala hadi darini. Wakulima walikuwa wamekubaliana kwamba zisitoke mpaka wao wenyewe waamue nani atazichukua, kwa kuwa wanunuzi walikuwa wengi na maneno yao matamu. Ndipo Jumanne moja, saa tano asubuhi, saa ambayo haikuwa ya kuitana, redio ilikohoa.

"Newala, Newala, hapa Masasi. Mnazi mkavu. Shikamoo, Mama Nikolao. Ova."

Sauti ilikuwa ya Alfani, au ilifanana naye kama sauti zote zinavyofanana zikipita katika mvumo ule. Lakini Alfani hakuwahi kumwamkia hata siku moja. Yeye humwita Mchimba Ming'oko, naye Dominika humwita Mlinzi wa Miamba.

"Marahaba," alisema Dominika. "Leo umeamka na adabu. Ova."

Hilo peke yake hakulifanya ushahidi. Mtu anaweza kuamka na adabu, au akawa amesimama mbele ya mkubwa wake. Akasikiliza ujumbe wote. Korosho za Chilangala zikabidhiwe kwa malori mawili yatakayofika Newala kabla ya adhuhuri. Zipakiwe zote kabla ya saa nane. Ni amri ya Meneja Mkuu. Akauandika neno kwa neno, kisha akabonyeza kipaza sauti.

"Masasi, ulipokuja na betri mara ya mwisho, mezani kwangu ulikataa kula nini? Ova."

Sauti ikadai redio inakatakata. Akarudia swali, polepole, kama anayemsomea mtoto imla. Sauti ikasema neno la siri limekwisha tajwa, na Meneja Mkuu mwenyewe amesimama hapa, hana muda wa mafumbo. Dominika akasema vema, lipo swali la pili: siku ile uliondoka kwangu na nini mkononi?

Ukapita mvumo mtupu. Kisha likaja jibu.

"Kuku, Mama. Ova."

Ndilo jibu ambalo mtu yeyote wa Makondeni angelitoa, kwa maana mgeni wa heshima huondoka na kuku. Lakini Alfani ni mtani, hakuondoka na kuku. Alitwikwa fungu la ming'oko ambayo alikuwa ameikataa mezani, mizizi ya porini anayoichukia kuliko dawa ya malaria, na Dominika akamsimamia mpaka akapanda nayo kwenye basi.

"Masasi, sijakuthibitisha," alisema. "Nitakuita mimi, saa kumi. Ova na nje."

Malori yalifika hata kabla hajafunika kalamu. Kijana mtanashati aliyeitwa Ashiru, wakala wa kampuni ambayo jina lake halikuwa limeandikwa mlangoni mwa gari, alishuka akatoa shikamoo kwa kila aliyemwona. Bwana Majaliwa, mkuu wa tawi, alimpokea kwa mikono miwili. Majaliwa hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeogopa kuonekana amechelewa katika wakati ambao kila mmoja aliambiwa akimbie. Aliingia chumba cha redio akataka ukurasa utiwe sahihi.

Dominika alimweleza yaliyotokea. Majaliwa akasikiliza akiwa amesimama, akamkumbusha kwamba neno la siri lilitajwa, na waraka unasema neno likitajwa yatosha. Dominika akasema waraka huo uliandikwa na mtu asiyejua kwamba upepo hauna mlango. Ashiru, aliyekuwa ameegemea kizingiti, akacheka kwa upole, akasema kwamba mama zetu wamezoea mambo ya Ushirika wa zamani, sasa ni soko huria, biashara inakwenda kwa kuaminiana.

"Mwanangu," alisema Dominika, "mimi simwamini hata Alfani, na nimekula naye miaka minane. Ndiyo maana tunaelewana."

Hapo Majaliwa aliitoa silaha yake. Akamwuliza, mbele ya Ashiru na mbele ya Mzee Bwanali aliyekuwa amekuja na funguo zake, kama amesahau habari ya salfa. Akamwuliza Chilangala wataambiwa nini mara ya pili, wakisikia kwamba mwanamke yule yule, kwa mchezo wake ule ule, amewafukuza wanunuzi.

Dominika aliinuka. Alikuwa mfupi, na meza ilimfika karibu na kifua, lakini Bwanali alisimulia baadaye kwamba chumba kilionekana kupungua.

"Siku ile nilikosea," alisema. "Nilimkataa mtu wa kweli, na maua ya kaka yangu yakaungua. Sijasahau, kwa sababu kaka yangu hajaniruhusu kusahau. Lakini salfa iliyochelewa ilifika. Korosho hizi zikishuka mlima leo, Bwana Majaliwa, utazirudisha kwa redio gani?"

Majaliwa akasema yeye ndiye mkuu wa tawi na hiyo ni amri.

"Basi andika wewe." Alikigeuza kitabu, akakisogeza kikamwelekea mkubwa wake, akaweka kalamu juu yake. "Andika, Mtoaji amethibitishwa. Kisha weka jina lako. Mzee Bwanali atakuona, Bwana Ashiru atakuona, na mimi nitakuwa shahidi kwamba umeandika kwa hiari."

Majaliwa aliitazama kalamu. Nje, dereva mmoja alipiga honi. Mkono wa mkuu wa tawi ulifika mpaka ukingoni mwa meza, ukatulia hapo, kisha ukarudi mfukoni. Bwanali akazirudisha funguo zake kiunoni.

Saa kumi ilipofika Dominika aliita Masasi mara saba. Hakujibiwa na mtu. Nanganga walimsikia, Chiwata walimsikia, Masasi kimya. Ashiru akasema mnaona, redio yenyewe mbovu, na malori yakaondoka kulala mjini, yakiahidi kurudi asubuhi. Majaliwa akamwandikia Dominika barua ya kumsimamisha kazi, na kumtaka aombe radhi kwa maandishi. Akanyoosha mkono apewe ufunguo wa chumba.

Akapewa. Lakini kitabu cha ujumbe Dominika alikitia ndani ya khanga, akakifunga kiunoni kama mama anavyofunga mtoto mgonjwa.

"Chumba ni cha Ushirika," alisema. "Sahihi zilizomo humu ni zangu. Radhi sitaomba."

Alfajiri ya Jumatano alipanda basi la Masasi na kitabu chake kiunoni, na miamba ilipoanza kuonekana chini kwenye ukungu, ikamwingia hofu ambayo jana hakuwa na nafasi ya kuisikia. Je, kama ni Alfani kweli? Mtu husahau. Mtu huumwa. Alijua vizuri kwamba swali lake halipimi ukweli wa ujumbe. Linapima kumbukumbu ya mtu, na kumbukumbu ni chombo chenye nyufa. Kama amekosea kwa mara ya pili, hakuna ofisi wala kijiji ambacho kingemwacha akae tena mbele ya redio, na yeye mwenyewe asingethubutu.

Alimkuta Alfani barazani kwa ofisi ya Ushirika. Mbele yake, juu ya gunia, redio ya Masasi ilikuwa imefunuliwa kama kuku aliyepasuliwa. Imekufa tangu jana saa nne asubuhi, alisema, na kifaa chake kimoja kimeagizwa Mtwara.

"Mchimba Ming'oko," alisema Alfani, "umekuja kunizika kabla sijafa?"

Dominika hakucheka bado. Alibaki amesimama juani. "Uliondoka kwangu na nini mkononi?"

Alfani alimtazama usoni, akaona kwamba si utani. "Ming'oko yako," alijibu. "Niliitupa njiani, pale Nagaga, kondakta shahidi."

Ndipo Dominika alipoketi, akafungua khanga, akamwonyesha ukurasa. Alfani aliusoma ujumbe uliotolewa kwa jina lake siku ambayo redio yake ilikuwa vipande. Alipofika kwenye neno "kuku" akasema kwa uchungu kwamba laiti angepewa huyo kuku.

Mzee Dastani alikuwa mkutanoni Mtwara, harudi mpaka Ijumaa. Alfani akaandika barua, akaigonga muhuri, na Dominika akapanda nayo mlima. Majaliwa aliisoma, lakini hakumrudishia ufunguo. Alisema barua ya mpokeaji si amri ya Meneja Mkuu, na mpaka Meneja Mkuu mwenyewe aseme, mama huyu amesimamishwa. Yale malori hayakurudi Jumatano, wala Alhamisi. Nani aliyesema hewani asubuhi ile ya Jumanne hakujulikana, na Dominika hakumtaja mtu, kwa kuwa hakuwa na swali la kumthibitishia.

Ijumaa alikuwa shambani akipalilia mihogo alipofuatwa na Mzee Bwanali. Redio ya Masasi imepona, alisema, na Meneja Mkuu anamtaka yeye, hataki kusema na mwingine. Dominika alikwenda vile vile, udongo mwekundu ukiwa bado miguuni, kitabu mkononi. Majaliwa alimpisha kiti. Mlangoni walikuwa wamejaa watu wa Chilangala, na kaka yake akiwa mmojawapo.

"Newala, hapa Masasi," ilisema redio, sauti nzito na ya upole. "Hapa ni Meneja Mkuu. Mama Dominika, nimepata habari zote. Natoa amri urudi kazini kuanzia saa hii, na barua ile ifutwe. Korosho za Chilangala zisitoke bila wenyewe. Ova."

Watu mlangoni walianza kushukuru. Majaliwa alipumua. Ulikuwa ujumbe alioutamani kwa siku tatu, kila neno mahali pake. Dominika aliuandika wote kwa mwandiko wake wa kulala, akafika mahali pa yale maneno mawili, na kalamu ikasimama.

Mzee Dastani hakuwahi kula kwake. Hawakuwa na betri kati yao, wala utani, wala ming'oko. Duniani kote lilikuwapo jambo moja tu walilolijua wawili hao peke yao. Na mkondo ulikuwa wazi, Nanganga wanasikiliza, Chiwata wanasikiliza.

Majaliwa alitambua anachotaka kufanya, akamnong'oneza kwamba huyo ni Meneja Mkuu, na anachokisema ni kwa faida yake mwenyewe. Dominika akamwambia kwamba ndiyo maana lazima amwulize.

"Masasi," alisema, "nakushukuru. Lakini sijakuthibitisha bado. Mwezi wa nane ulipotutembelea, katika chumba hiki, nilikuazima nini? Ova."

Mvumo. Nje, mbuzi alilia mara moja. Mtu mmoja mlangoni alisema kwa sauti ya chini kwamba sasa mama huyu amejifukuza mwenyewe. Dominika hakugeuka. Alikuwa ametimiza ahadi yake, hakumsimulia mtu, na sasa hakuna aliyeweza kusema isipokuwa mwenyewe.

Redio ilibonyezwa, ikaachwa, ikabonyezwa tena.

"Khanga," ilisema ile sauti nzito. "Ova."

Kituo kimoja, haikujulikana kama ni Nanganga au Chiwata, kilisahau kidole kwenye kitufe, na kicheko kikapita angani mpaka mwisho wake. Dominika alingoja kiishe. Akaandika, Mtoaji amethibitishwa, akatia sahihi, akampa Mzee Bwanali auone ukurasa kwa kioo chake kimoja. Kisha akafungua lile daftari dogo, akaliandika swali, na hapo hapo akalipiga mstari.

"Nimekutambua, Mzee," alisema. "Swali hilo limemaliza kazi yake. Ukiita kesho nitakuuliza jingine. Ova."